Nani Alibeba Boriti za Acoma?

Aliye jikoni aongeze sauti kidogo, aliye dukani amwambie mteja asubiri, maana leo nawapeleka mbali. Tunakwenda New Mexico, jimbo la kusini-magharibi mwa Marekani, kuliangalia kanisa la udongo lililojengwa zama za utawala wa Wahispania, karibu miaka 400 iliyopita, na ambalo hadi leo jioni hii bado limesimama.

Kanisa lenyewe linaitwa San Esteban del Rey. Kijiji kilipo kinaitwa Acoma, na wenyewe hukiita Haak'u. Ni kijiji cha watu wa Pueblo, wenyeji wa nchi ile tangu kabla Mzungu hajakanyaga huko. Ukitoka mji wa Albuquerque ukaelekea magharibi, ni mwendo wa kama kilomita 100.

Nina swali moja tu jioni ya leo, na nitalirudia mara kwa mara, mnisamehe. Swali ni hili: nani alilijenga?

Vitabu vingi vya watalii vina jibu jepesi. Vinasema alilijenga padre Juan Ramírez, Mfransisko, aliyefika pale mwaka 1629. Basi, yameisha. Lakini ngojeni kwanza niwaonyeshe mahali penyewe, halafu mniambie kama jibu hilo linatosha.

Acoma iko juu ya jabali. Sisemi kilima, nasema jabali: mwamba uliosimama wima katikati ya uwanda, pande zote genge tupu, na juu yake tambarare. Kutoka chini hadi juu ni zaidi ya mita 100. Kule juu hakuna mto, hakuna kisima cha kuchimba. Maji ni ya mvua, yanayokusanyika kwenye mabwawa ya mwambani. Udongo nao ni haba, maana unakanyaga jiwe kila unapoweka mguu. Na kwa karne nyingi njia ya kupanda ilikuwa vidato vilivyochongwa kwenye mwamba, mahali pengine unaingiza vidole vya mikono na vya miguu ndipo unapanda juu. Barabara ya gari ilikuja katika karne ya 20.

Sasa piga hesabu mwenyewe, msikilizaji. Kanisa lina urefu wa kama mita 45 na upana wa kama mita 12. Kuta zake kwenye kitako zina unene unaozidi mita 2, na zinapungua kadiri zinavyopanda. Zimejengwa kwa mawe na matofali mabichi, yaani udongo uliochanganywa na majani makavu, ukatiwa kwenye kalibu, ukaanikwa juani, bila kuchomwa. Udongo wa kutosha haupo kule juu. Maji ya kuukanda ni ya akiba ya kunywa. Kwa hiyo kila kikapu cha udongo kilitoka chini. Je, padre Ramírez alibeba vikapu vingapi?

Lakini kabla ya udongo kulikuwa na damu, na historia ya jengo hili haielezeki bila hiyo.

Mwaka 1598 Mhispania Juan de Oñate aliingia nchi ile kwa jina la mfalme wake, akaitangaza kuwa koloni. Desemba mwaka huohuo mpwa wake, Juan de Zaldívar, alipanda Acoma na askari kutaka chakula. Ukazuka ugomvi, akauawa yeye na wenzake kadhaa. Januari 1599 Oñate akatuma kikosi cha kulipiza kisasi, na kiongozi wake alikuwa Vicente de Zaldívar, ndugu wa marehemu. Walipigana siku tatu. Kijiji kikachomwa, mamia ya watu wakauawa, na mamia wengine wakatekwa.

Halafu ikafuata kesi, kwa maana Wahispania walipenda mambo yaandikwe. Hukumu ikaandikwa: wanaume waliozidi miaka 25 wakatwe mguu mmoja kisha watumike miaka 20, vijana wa kuanzia miaka 12, wa kiume na wa kike, watumike miaka 20, watoto wachukuliwe. Hayo si masimulizi ya mtaani, yamo kwenye karatasi za Oñate mwenyewe. Miaka 15 baadaye, mwaka 1614, wakubwa wake huko Mexico walimtia hatiani kwa ukatili, akafukuzwa asirudi tena New Mexico. Lakini mguu uliokatwa haukuota.

Nayasema haya kwa sababu ya hesabu ndogo. Mtoto aliyekuwa na miaka 12 mwaka 1599 alikuwa na miaka 42 padre Ramírez alipofika. Mtu wa miaka 42 ndiye hasa anayeitwa kazini. Ndiye fundi, ndiye baba wa nyumba, ndiye mwenye nguvu za kubeba. Waliojenga kanisa hili, basi, walikuwa walewale walioona kijiji chao kikiungua, au watoto wao.

Na kama unadhani haya ni mambo ya mbali yasiyotuhusu, nikuambie kitu kidogo. Miaka ile Ureno ilikuwa chini ya mfalme wa Hispania, tangu 1580 hadi 1640. Kwa hiyo mfalme aliyekuwa na padre wake juu ya jabali la Acoma ndiye huyohuyo aliyekuwa na askari wake Ngome ya Yesu, Mombasa. Mwaka 1631, kuta za Acoma zikiwa zinapanda, Sultani Yusuf bin Hasan wa Mombasa, aliyelelewa Goa na mapadre na kubatizwa huko, aliwageuka Wareno akaiteka ngome. Mfalme mmoja, bahari mbili, na watu waliochoka. Turudi Acoma.

Nani alilijenga? Tuanze na vyombo vya kazi. Mapadre wa New Mexico walikuwa wakiletewa mahitaji kwa misafara ya magari ya kukokotwa kutoka Mexico, safari ya miezi mingi. Upo mkataba wa mwaka 1631 unaoorodhesha kila padre anayeanzisha misheni mpya apewe nini. Ndani yake mna mashoka 10, majembe 10, tezo 3, na msumeno mmoja. Sikia hapo: msumeno mmoja! Kwa kanisa zima, na nyumba ya mapadre pembeni, na milango, na boriti zote. Kilichobaki kilikuwa mikono ya watu.

Na mikono ya nani hasa? Hapa pana jambo linalonifurahisha. Padre mwingine wa zama hizo, Alonso de Benavides, aliandika taarifa kwa mfalme mwaka 1630. Humo anaeleza kwamba kwa watu wa Pueblo kujenga ukuta ilikuwa kazi ya wanawake; wanaume walisokota, wakafuma nguo, wakawinda na kwenda vitani. Anasema mwanamume akilazimishwa kujenga ukuta, hukimbia kwa aibu, na wanawake wanamcheka. Wanawake na watoto, anaandika, ndio waliosimamisha makanisa yale.

Akina mama mnaonisikiliza mmeshaelewa. Nani kwetu husiriba nyumba ya udongo? Nani hukanda, akapaka, akalainisha kwa kiganja? Basi ukisoma mahali kwamba padre fulani alijenga kanisa la udongo, ujue kuta zilipandishwa na akina mama na dada, na padre alikuwa akielekeza.

Kazi ya wanaume ilikuwa boriti, na hapo ndipo penye kitendawili kikubwa kuliko vyote.

Wasikilizaji wa Lamu, Unguja na Pate wanalijua hili bila kufundishwa: upana wa chumba huamuliwa na urefu wa boriti. Nyumba za mawe za pwani zina vyumba virefu na vyembamba kwa kuwa boriti ya mkoko haivuki mbali. Kanisa la Acoma ni hivyohivyo, isipokuwa huko walitaka ukumbi mpana, na ukumbi mpana unataka mti mrefu. Juu ya jabali hakuna mti wa namna hiyo. Chini kwenye uwanda hakuna. Misonobari mikubwa ilikuwa kwenye mlima ambao wenyeji huuita Kaweshtima, na kwenye ramani za Marekani huitwa Mount Taylor. Kutoka mlimani hadi Acoma ni zaidi ya kilomita 40.

Kila boriti ina urefu wa kama mita 12. Hakukuwa na gari linaloweza kufika juu. Zilibebwa mabegani, kilomita zote hizo, kisha zikapandishwa kwenye genge. Wenyeji wanasimulia kwamba boriti hazikuruhusiwa kugusa ardhi njia nzima, kwa kuwa zilikuwa za nyumba takatifu. Ukiingia leo ukatazama juu utaziona, zimelala juu ya mihimili iliyochongwa. Jiulize tu: mti wa mita 12, kwenye njia ya vidato vya kuingiza vidole. Wangapi walikuwa chini yake? Wangapi waliteleza? Karatasi za mapadre hazisemi.

Kazi ilichukua zaidi ya miaka 10, ikamalizika miaka ya 1640. Mbele ya kanisa wakatengeneza makaburi, na makaburi nayo ni hadithi. Utazikaje juu ya jiwe tupu? Ilibidi kwanza wajenge ukuta wa mawe ukingoni mwa jabali, upande mmoja unashuka mita 12 hivi, kisha wajaze udongo ndani yake. Udongo huo nao ulipanda kwa vikapu. Masimulizi ya pale yanasema kazi ya kujaza ilikula miaka 40.

Kuhusu padre Ramírez mwenyewe ipo hadithi kwamba siku aliyofika, mtoto aliponyoka kutoka ukingoni akaanguka, padre akamwokota mzima na kumrudisha kwa mama yake, na kwa ajili hiyo watu wakampokea. Huenda. Mimi siigombanii. Nasema tu kwamba hadithi hiyo inapendwa sana na vitabu, na hadithi ya vikapu haipendwi sana.

Tuendelee. Mwaka 1680 watu wa Pueblo waliinuka karibu wote kwa pamoja. Kiongozi wao, Popé, alituma wakimbiaji kijiji hadi kijiji na kamba zenye mafundo. Kila siku unafungua fundo moja, na fundo la mwisho likiisha, ndiyo siku. Agosti 1680 Wahispania wakafukuzwa kote, wakakaa nje miaka 12. Mapadre 21 waliuawa, akiwemo padre wa Acoma, Lucas Maldonado. Makanisa mengi yalichomwa na kubomolewa.

Na kanisa la Acoma? Halikubomolewa. Padre aliuawa, kanisa likabaki.

Kwa nini? Wataalamu wana maelezo yao. Mimi nina langu, na mlipokee kama maoni ya mtu mmoja. Nadhani kufikia 1680 watu wa Acoma walikwisha kulihesabu kanisa lile kuwa lao. Padre alikuja na akaweza kuondoka. Boriti zilikuwa za babu zao, udongo wa makaburini ulikuwa mgongo wa mama zao, na ndani ya udongo ule wamelala wao wenyewe. Mtu hachomi kaburi la mamaye ili kumkomoa mgeni.

Ndani ya kanisa utaona ushahidi wa hilo. Kwenye kuta wamechora upinde wa mvua na mahindi, vitu vya imani yao ya asili, hapohapo pembeni ya watakatifu. Hata mtakatifu wa kanisa alibadilika njiani. Mwanzoni lilikuwa la Mtakatifu Stefano shahidi wa kwanza. Baadaye likawa la Mtakatifu Stefano mfalme wa Hungaria. Sikukuu yake pale Acoma ni tarehe 2 Septemba, na siku hiyo kuna misa, na baada ya misa kuna ngoma za mavuno kama walivyofanya mababu.

Kuna pia kesi ya picha. Kanisa lina picha ya Mtakatifu Yosefu inayoaminiwa kuleta mvua. Majirani zao wa kijiji cha Laguna walikuwa na shida, wakaichukua, na wakaona neema, wakawa hawataki kuirudisha. Ugomvi ukafika mahakamani, wakati huo Marekani imekwisha kuitwaa nchi kutoka Mexico. Mwaka 1857 mahakama kuu ya eneo la New Mexico ikaamua: picha ni ya Acoma, irudishwe. Vijiji viwili vya Wapueblo, vinashitakiana mbele ya jaji wa Kimarekani, kwa ajili ya picha ya mtakatifu. Dunia hii!

Sasa, wasikilizaji, tuguse matengenezo, kwa sababu kanisa la udongo halijengwi mara moja likaisha. Adui wa udongo ni maji. Mvua ikipiga chini hurusha matone kwenye kitako cha ukuta na kukila taratibu. Paa bapa likipasuka kidogo, maji huingia kichwani mwa ukuta na kushuka kwa ndani, huyaoni mpaka siku ukuta unapobweteka. Dawa yake ya kale ni kusiriba upya. Kila baada ya muda udongo unatoka, unapaka mwingine. Kwa hiyo kanisa unaloliona leo limepakwa na vizazi na vizazi. Nani alilijenga? Linajengwa bado.

Miaka ya 1920 hali ilikuwa mbaya. Kamati ya kuhifadhi makanisa ya kale ya New Mexico, pamoja na msanifu majengo John Gaw Meem, ilianza ukarabati kuanzia 1924, kwanza paa, kisha kuta na minara ya kengele. Kamati ilileta fedha na utaalamu. Watu wa Acoma walileta migongo yao, kwa mara nyingine, maana kila kitu bado kilikuwa kinapandishwa jabalini, maji yakiwemo.

Na kuna somo la kiufundi hapa ambalo mafundi wetu wangelisikiliza. Karne ya 20 ilileta saruji, na kila mtu akadhani saruji ni dawa. Kule Ranchos de Taos, katika jimbo hilohilo, kuna kanisa jingine mashuhuri la udongo, San Francisco de Asís. Mwaka 1967 walilipiga lipu ngumu ya saruji ili wapumzike na kazi ya kila mwaka. Zaidi ya miaka 10 baadaye wakagundua maji yameingia kwenye nyufa, yakanaswa nyuma ya saruji, na udongo wa ndani unaoza. Lipu ya udongo ina usumbufu wake, lakini inapumua. Unyevu ukiingia unatoka. Ile saruji ikabanduliwa yote, wakarudia udongo, na hadi leo waumini hukusanyika kila mwaka kulisiriba, wazee kwa watoto. Wapo wanaoona hiyo ni kazi ya bure. Mimi naona kanisa linalotaka mikono yako kila mwaka haliwezi kukusahaulisha kuwa ni lako.

Acoma leo ni mali ya watu wa Acoma. Kanisa limetambuliwa na serikali ya Marekani kuwa alama ya kihistoria ya taifa tangu 1970, lakini ufunguo hawakuupeleka Washington. Wapo wanaochaguliwa kijijini kulitunza. Familia chache tu ndizo zinazoishi juu mwaka mzima, bila umeme wala bomba la maji. Wengine wako kwenye vijiji vya chini na hupanda sikukuu zinapofika. Mgeni anakaribishwa, lakini hapandi peke yake, anaongozwa na mwenyeji. Na akifika kanisani au makaburini, kamera inazimwa. Wapo watalii wanaonung'unika kwamba wametoa pesa zao na hawapati picha. Mimi nasema wenyeji wamefanya vizuri. Waliolala pale hawakupandisha udongo ule kwa ajili ya picha zetu.

Muda unanifukuza, lakini nina ombi kabla sijawaaga. Huko uliko, msikilizaji, yawezekana lipo jengo la kale la ibada: kanisa la misheni, msikiti wa mawe ya matumbawe, lolote lile. Mlangoni pana kibao chenye jina la padre, au askofu, au tajiri aliyetoa fedha. Lakini huenda jirani yako yupo bibi au babu aliyesimuliwa na wazazi wake nani alichoma chokaa, nani alibeba mawe kutoka ufukweni, nani alilipwa na nani hakulipwa. Nenda kamwamkie, ukae naye, umuulize. Chukua daftari, uandike majina, uandike na kijiji walichotoka. Usingoje likizo, usingoje mwaka kesho, wazee wetu wanaondoka. Ukishaandika, tuletee hapa kituoni, nasi tutayasoma majina hayo hewani, moja baada ya jingine.